Miezi Saba ya Usiku wa Giza

Kamba ilikuwa na urefu wa mita 120. Niliipiga fundo kila baada ya mita 15, na kwenye kila fundo nikafunga kipimajoto kidogo cha kielektroniki, ukubwa wa kidole gumba, chenye kumbukumbu yake ndani. Vilikuwa vinane. Mwisho wa kamba nikafunga jiwe. Baba mdogo, ambaye mitumbwi yake ya uvuvi hutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, alinipa robo saa kila usiku tuliokwenda pamoja: wakishafika mahali pao, kabla taa hazijawashwa, nishushe kamba yangu, nisubiri, niipandishe, ndipo kazi ya dagaa ianze. Vijana wake walinisaidia kuvuta. Kamba ya mita 120 iliyolowa si nyepesi.

Nilifanya hivyo kwa miezi saba, kuanzia Juni. Kila mwezi nilitoka usiku mmoja au miwili, pale giza linapokuwa totoro, maana pesa yangu ya kuchangia mafuta haikuvuka hapo. Mwishoni nikawa na mchoro mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza. Na mchoro ule ulinidanganya.

Nataka kueleza ulivyonidanganya, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nimesoma fizikia miaka mingi bila kujua kazi ya mwanafizikia ni ipi.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Fizikia niliipenda kidato cha tatu, nikaibeba hadi cha sita, na niseme wazi nilivyoibeba. Jaribio la pendulamu tulilifanya kwa stopwochi mbili, wanafunzi zaidi ya arobaini. Kila mmoja wetu alijua mwisho wake lazima itoke 9.8, namba ya mvutano wa dunia. Basi tulianzia kwenye jibu, tukarudi nyuma hadi kwenye vipimo, tukajaza jedwali. Tuliita kupika data, na aliyepika vizuri aliongeza makosa madogo madogo ili jedwali lionekane la kweli. Simlaumu mwalimu wetu. Alikuwa peke yake kwa mikondo yote. Lakini nilitoka pale na tabia mbaya sana: niliamini kipimo ni njia ya kufikia jibu ambalo mtu mwingine analo tayari.

Chuo kikuu, Dar es Salaam, tabia hiyo haikunigharimu. Shahada ya kwanza nilifaulu vizuri. Mwaka wa kwanza wa uzamili ulikuwa wa masomo ya darasani: mekanika ya kwanta, mekanika ya takwimu, sumakuumeme, hisabati za fizikia. Ulikuwa mwaka mgumu. Bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limekwisha na shahada ya kwanza, kwa hiyo jioni nilifundisha twisheni, usiku nikafanya maswali. Nilipata sapu, mtihani wa marudio, ya sumakuumeme nikairudia. Sina mengi ya kusema kuhusu mwaka huo. Wapo wengi waliopita humo na wote wanaukumbuka usingizi walioukosa. Ila kila swali tulilopewa lilikuwa na jibu mahali fulani, na hilo ndilo lililonilaza.

Wenzangu wengi walichagua kufanyia tasnifu zao seli za jua au mionzi. Kuna vifaa, kuna wasimamizi, kuna njia iliyokwisha kukanyagwa. Mimi nilikuwa nimesoma makala mbili za mwaka 2003, moja ya jarida la Nature, nyingine la Science, zote zikihusu Ziwa Tanganyika. Zilionyesha kwamba maji ya ziwa yamepata joto katika karne ya ishirini, na kwamba joto hilo limepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, hivyo chakula cha viumbe wa juu kimepungua. Nilizisoma maktabani nikashtuka. Hili ndilo ziwa nililoogelea tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndani yake kuna fizikia. Nilijua kuna mgebuka, kuna dagaa, kuna mamba.

Msimamizi wangu, ambaye sote tulimwita Dokta, alinisikiliza akaniambia niandike pendekezo. Kila sentensi niliyoandika aliipigia mstari na kuandika pembeni neno moja: Umejuaje? Niliandika ziwa lina tabaka mbili. Umejuaje? Niliandika upepo wa kusini hulisukuma. Umejuaje? Pendekezo la kurasa kumi na mbili lilirudi likiwa na umejuaje ishirini na tatu. Nilidhani hanipendi.

Mtu wa Kigoma anaweza kuishi juu ya jambo hili maisha yake yote bila kuliona, kwa hiyo nilieleze. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, na urefu wa zaidi ya kilomita 650 kutoka Burundi hadi Zambia. Maji ya juu yana nyuzi 25 hadi 27 hivi. Ya chini kabisa yana nyuzi 23 na nusu. Tofauti ni ndogo mno. Mkono wako hauwezi kuitambua. Lakini maji ya vuguvugu yana siri: yakipoa kutoka nyuzi 5 hadi 4, kila mita moja ya ujazo huongezeka uzito kwa gramu 8 hivi, yakipoa kutoka 26 hadi 25, huongezeka gramu 260. Kwa hiyo katika nchi ya joto nyuzi mbili tu zinatosha kuyafanya maji ya juu yaelee juu ya ya chini kama mawese juu ya mchuzi. Chini ya mita mia mbili hivi hakuna hewa ya oksijeni kabisa. Samaki wote tunaokula wanaishi katika ngozi nyembamba ya juu, na rutuba imelala chini yake.

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma. Unayasukuma maji ya joto kuja kwetu kaskazini, na mpaka kati ya joto na baridi unainama: huku kwetu unazama, kule kusini unapanda. Upepo ukilegea, mpaka ule unarudi, unapitiliza, unarudi tena. Ni bembea. Wimbi hilo liko ndani ya maji, na juu huwezi kuliona: mpaka ukipanda mita 30 huko chini, uso wa ziwa unasogea sentimita mbili tu.

Nililipigia hesabu ya kwanza usiku mmoja hosteli, kwa penseli. Tabaka la juu mita 60, la chini mita 500, tofauti ya uzito kama gramu 600 kwa kila mita ya ujazo. Mwendo wa wimbi ukatoka sentimita 56 kwa sekunde, polepole kuliko bibi anayetoka msikitini. Kwenda na kurudi ziwa zima ni kilomita 1,300. Nikagawanya. Siku 26 na ushee. Nikagawanya tena, maana sikuamini kwamba namba chache zingeweza kunipa kitu ambacho watafiti waliokwisha kulipima ziwa wanakisema pia: takriban wiki nne. Sikulala. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupata jibu ambalo sikulitafuta mwishoni mwa kitabu.

Nikarudi nyumbani kwa treni, na vipimajoto vyangu vimeviringwa ndani ya soksi.

Dokta alikuwa ameniagiza jambo moja kabla ya jingine lolote: vyote viweke ndani ya maji mamoja, usiku kucha, uone kama vinakubaliana. Nilichukua ndoo ya mama ya kuogea, nikaijaza, nikaifunika kwa blanketi, nikakoroga maji kila nusu saa. Asubuhi nikasoma. Kimoja kilizidi wenzake kwa sehemu nne za kumi ya nyuzi, kingine kilipungua kwa mbili. Ndugu msomaji, ziwa zima lina tofauti ya nyuzi mbili au tatu! Laiti ningevishusha hivyo hivyo, kosa la kifaa ningeliita tabia ya ziwa. Nikaandika marekebisho ya kila kimoja kwenye daftari. Mama aliuliza nimepika nini ndani ya ndoo yake. Nilimwambia hapa hakuna kilichopikwa, na nilimaanisha zaidi ya alivyoelewa.

Basi nikaanza safari za usiku. Ziwani usiku wa giza ni mji mwingine. Taa za mitumbwi zinatandaza nuru hadi huwezi kusema wapi maji yanaishia. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wanatumia taa za betri. Mitumbwi miwili inaungwa kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinawaita dagaa, watu wanangoja. Katika kungoja huko ndiko baba mdogo alikonisomesha. Aliniambia mwezi ukikua wanapumzika, kwa sababu mbalamwezi inaiua taa. Aliniambia kuna giza zuri na giza baya: unaweza kwenda mahali pale pale, taa zile zile, ukarudi mikono mitupu kwa giza zima, na giza linalofuata ukajaza. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, samaki ana safari zake." Nililiandika hilo kwenye daftari, nikalipita.

Januari mchoro ukakamilika. Mpaka wa joto na baridi ulionekana ukizama taratibu kuanzia Juni, ukakaa chini, kisha ukapanda taratibu hadi Januari ukarudi karibu pale ulipoanzia. Bonde moja pana, laini, la miezi saba. Kiangazi upepo wa kusini unaleta maji ya joto kwetu, mpaka unazama. Mvua zikija, unapanda. Kila kitu kilikaa mahali pake. Niliandika sura nzima ya nne kwa juma moja, nikaipa jina la mabadiliko ya msimu, nikapanda treni.

Dokta aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Mzuri," akasema. "Umejuaje kuwa ni msimu?"

Nikamweleza upepo.

"Nipe tarehe ulizokwenda."

Nikampa. Akafungua kalenda ya simu yake, na pembeni ya kila tarehe akaandika mwezi wa angani ulikuwa na umri wa siku ngapi. Moja. Ishirini na tisa. Moja. Mbili. Ishirini na tisa. Alipofika ya mwisho akanirudishia karatasi bila neno, akanimiminia chai.

Nilielewa kabla chai haijapoa. Chukua saa ya ukutani. Ukiitazama kila baada ya dakika 61, kila mara mshale mrefu utauona umesogea dakika moja tu, na utaapa kwamba unatembea polepole kuliko mshale mfupi. Mimi nilikuwa nalitazama ziwa kila baada ya siku 29 na nusu, kwa sababu hiyo ndiyo safari ya mwezi, na wavuvi huenda na giza. Wimbi la siku 26 kila nikirudi lilikuwa limekwisha kuzunguka mara moja na kuongeza siku tatu na nusu. Siku tatu na nusu, tatu na nusu, tatu na nusu, hadi zitimie 26: inachukua siku 219. Miezi saba na kidogo. Bonde langu pana na laini linaweza kuwa msimu kweli, linaweza kuwa wimbi lililojificha nyuma ya mwezi, linaweza kuwa vyote viwili, na katika data yangu hapakuwa na njia yoyote ya kutenganisha. Ningeweza kuisafisha kwa programu yoyote duniani. Kosa lilikuwa limeingia nilipokubali kwenda ziwani siku ile ambayo ilikuwa rahisi kwenda.

Sikupika namba hata moja. Hilo ndilo lililoniuma kupita kiasi. Nilikuwa nimevisawazisha vipimajoto, nimeandika kila kitu kwa uaminifu, na bado nilikuwa nimeleta jambo ambalo sikulijua nikalisema kama ninalijua. Nilidhani uaminifu unatosha. Nilitembea kutoka ofisini hadi kituo cha daladala nikavipita viwili bila kupanda.

Wiki mbili baadaye Dokta aliniita. Hakuniuliza kama nataka kuacha. Aliniuliza data ya namna gani ingeweza kutenganisha wimbi na mwezi. Nikajibu: kipimo kisichojali mwezi. Kila dakika kumi, mchana na usiku, giza na mbalamwezi. Kwa muda gani? Hapo nikasita, kisha hesabu ikaja yenyewe. Ili kutofautisha mizunguko miwili iliyokaribiana hivyo, ya siku 26 na ya siku 29 na nusu, unahitaji kuitazama hadi mmoja umpite mwenzake mzunguko mzima. Siku 219 zile zile. Chini ya hapo, hakuna ujanja. Tukakubaliana mwaka mzima, maana wimbi lenyewe hubadilika kadiri maji ya juu yanavyopata joto na kupoa, na msimu nao hauonekani ukikatwa.

Mwaka mzima zaidi. Nyumbani kuna wadogo zangu waliokuwa wakinisubiri nimalize. Kueleza hilo kwa simu kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote, na sitalirefusha hapa.

Kamba ya kudumu ni kazi nyingine kabisa. Nilikwenda kwanza kwa viongozi wa mwalo, nikaeleza, kwa Kiswahili, kitu ambacho nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza pekee. Nilipofika kwenye wimbi la ndani nikakwama. Mzee mmoja aliinua glasi ya chai ya rangi iliyokuwa na maziwa juu hayajakorogwa, akaiinamisha polepole, akairudisha. "Hivi?" Hivi hivi. Ruhusa ikatoka. Baba mdogo akafunga mifuko ya mawe chini, madumu matupu juu, yakiwa yamezamishwa mita tano ili mitumbwi isiyagonge. Siku ya tisa nyavu ziliiburuta. Vijana waliiokota ufukweni Katonga wakairudisha, vipimajoto vyote nane vikiwepo, na hawakutaka pesa. Tulisogeza mahali, tukaifunga tena. Ikakaa.

Kila baada ya miezi miwili niliipandisha, nikasoma kumbukumbu, nikabadili betri, nikavirudisha vyote kwenye ndoo ya mama kwa usiku mmoja kuona kama vimeanza kuhitilafiana. Kati ya safari nilifundisha fizikia kwa muda kwenye sekondari moja ya pale mjini. Jaribio la pendulamu tulilifanya kwa uzi na simu ya mwalimu mwenzangu. Walipata 9.3. Waliponiuliza warekebishe wapi, niliwaambia waiandike 9.3 na waandike chini yake wanadhani ni kwa nini. Mmoja akaandika kwamba walipima uzi hadi juu ya jiwe, badala ya kupima hadi katikati yake. Nilimwita mbele ya darasa.

Mwaka ulipotimia, wimbi lilikuwepo. Sikuhitaji hesabu kuliona: kwenye mchoro mpaka ulikuwa ukipanda na kushuka, karibu kila wiki nne, wimbi likiwa na nguvu upepo unapolegea, kisha likifa taratibu. Chini yake ulikuwepo pia msimu, mdogo kuliko nilivyouchora mwanzoni. Nikachora miduara myeusi pale giza lilipoangukia. Miezi kadhaa giza liliangukia wakati mpaka ukiwa juu, kisha likaanza kuchelewa, hadi likaangukia wakati mpaka ukiwa chini kabisa.

Tasnifu niliitetea, nikarekebisha, nikaipeleka kujalidiwa. Kisha nikauchukua mchoro mkubwa hadi Kibirizi.

Baba mdogo aliusoma haraka kuliko mtahini wangu yeyote. Aliweka kidole kwenye mduara mmoja wa Oktoba, akasema giza hilo lilikuwa baya. Akaweka kwenye mwingine: hili lilikuwa zuri. Alipatia mduara baada ya mduara, mpaka ukiwa juu giza zuri, ukiwa chini giza baya, akakosea miwili. Moyo ulinidunda. Nikamwambia, baba, labda safari za samaki wako ndizo hizi. Labda maji yenye rutuba yakisogea juu, dagaa husogea nayo. Tuandike mavuno ya kila usiku, ndoo ngapi, tarehe ngapi, tulinganishe.

Akanyamaza, akikunja mchoro kufuata mikunjo yake ya kwanza.

"Tutaandika," akasema. "Lakini sisi tunavua giza tu. Na hizi nzuri na mbaya nilizokutajia, nimezikumbuka baada ya kuona mstari wako. Ukinipeleka mbalamwezi nitakwenda, mafuta uchangie. Ila mbalamwezi taa haiwaiti dagaa. Tukipata kidogo, utajuaje kama ni mwezi au ni maji yako?"

Nililiandika swali hilo pale pale, kwa maneno yake. Liko kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo langu la uzamivu, na jibu sina bado. Binamu yangu ameanza kuandika ndoo kwenye daftari la kaunta, kila usiku wanaotoka. Na kwa usiku wa mbalamwezi, ambao hakuna anayetoka, nimemwomba asiache nafasi tupu, aandike: hatukwenda.